Doa Jeupe Magharibi ya Runzewe

Wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kupima misitu. Nimekubali kwa sharti moja: sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, kwa kuwa mambo hayo hayamfundishi mtu kupima mti. Nitaandika niliyoyaona. Pale nitakapoandika niliyoambiwa, nitamtaja aliyeniambia, ili msomaji aamue mwenyewe ampe uzito gani.

Nilianza kazi Geita, miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa nimetoka chuo cha misitu na cheti ambacho bado kilinukia wino. Nilikabidhiwa kwa Bwana Lutonja, Msukuma mrefu mwenye sauti ndogo, kiongozi wa kikosi cha upimaji. Hakuniuliza nimesoma nini. Alinipa utepe wa kupimia unene wa mti, akanionyesha mti mmoja aina ya mtundu, akaniagiza niupime. Nikapima, nikamsomea. Akaniagiza tena, nikapata jibu jingine. Akaniagiza mara ya tatu, nikapata la tatu.

"Mti mmoja umekuwa mitatu mkononi mwako," akasema. "Sasa niambie msitu utakuwaje."

Kosa langu lilikuwa dogo. Nilikuwa siushiki utepe kwenye kimo kilekile cha kifua, na nilikuwa siondoi gome lililobanduka. Lakini makosa madogo ya mpimaji hayabaki madogo. Tulikuwa tukifyeka mikuza, yaani njia nyembamba zilizonyooka porini, na kila baada ya umbali uliopangwa tulipima kiwanja kimoja cha miti: unene, urefu, jamii. Kutokana na viwanja hivyo vichache tulikokotoa ujazo wa mbao wa msitu mzima, na serikali ikaamua kwa jibu letu nani akate, akate wapi, akate kiasi gani. Hofu ya kazi hii iko hapo, na haikuniacha hadi nilipostaafu. Unapima pachache, kisha unasemea pote.

Bwana Lutonja hakuruhusu mtu achague kiwanja. Kipimo kikiangukia kwenye miiba, tulipima ndani ya miiba. Kikiangukia kwenye tope, tulivua viatu. Niliwahi kumshauri tusogee hatua chache tukwepe kichaka kilichojaa mavu. Alinitazama kana kwamba nimependekeza tuibe. Tulipima, na mavu wakafanya kazi yao. Simba, kwa upande mwingine, niliwaona mara chache sana kuliko wanavyowasimulia wapimaji wenzangu kwenye sherehe.

Baadaye nilihamishiwa Kahama, nikapewa nyumba Nyahanga. Miaka ya sabini ilikuwa ya picha za ndege. Unaziweka mbili sambamba chini ya stereoskopu, kifaa cha lenzi mbili, unasubiri macho yatulie, na ghafla miti inasimama kutoka kwenye karatasi. Wakati huohuo misitu yenyewe ilikuwa ikilala chini. Watu walihamia vijiji vipya, pamba na tumbaku zikataka nafasi, na huko tambarare za Shinyanga kijani pekee kilichobaki kiangazi kilikuwa ndani ya ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga msimu wa mvua ili ng'ombe wapate kitu majani yakiisha. Nilikuwa nikitazama picha za miaka tofauti za mahali pamoja, na nilikuwa nikilala vibaya.

Katikati ya miaka ya themanini zikaja picha za aina nyingine. Hazikupigwa na ndege, bali na chombo kilichozunguka dunia juu ya mawingu, na hazikutumia mwanga. Zilitumia rada. Aliyezileta kwetu alikuwa Bi. Felista, mtaalamu kijana kutoka Songea aliyesomea ng'ambo, ambaye hufuta miwani kila anapotaka muda wa kufikiri. Maelezo yake yalikuwa hivi. Chombo hurusha mawimbi ya redio chini, kisha husikiliza mwangwi. Uwanja mtupu huyatupa mawimbi upande mwingine, hivyo hutokea mweusi kwenye picha. Matawi na mashina huyarudisha, hivyo msitu hutokea wa kijivu, na kadiri mbao zinavyozidi ndivyo kijivu kinavyoelekea kuwa cheupe. Ukilinganisha weupe huo na viwanja vichache vilivyopimwa ardhini, unaweza kukadiria ujazo wa mbao mahali ambapo mguu wa mpimaji haujafika.

Nilimwuliza kama mawimbi hayo yanautofautisha mninga na mgunga. Akafuta miwani, akasema hapana. Jibu hilo lilinifanya nimwamini kuliko maelezo yote yaliyotangulia.

Magharibi ya Runzewe, kuelekea kwenye mabwawa, palikuwa na doa jeupe kuliko kilima chochote cha wilaya yetu. Kikosi kutoka mkoani kilitumwa kwenda kuhakikisha. Kilirudi na vipimo vya mininga minene iliyonyooka, nayo hesabu ikafanywa: weupe mwingi, mbao nyingi. Picha na ardhi vilikuwa vimekubaliana. Mkuu wangu wa kazi mkoani, mtu muungwana lakini mwenye haraka, alifurahi, na furaha yake ilikuwa na sababu.

Wakati huo vilima vya karibu na Segese vilikuwa vikimalizwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Shimo la dhahabu linahitaji miti. Bila magogo ya kuzuia kuta na dari, ambayo wachimbaji huyaita matimba, udongo mwekundu wa huko hukaa kwa adabu kiangazi chote, kisha hushuka mvua zikianza. Nilikuwa nimewakamata watu wengi kwa kukata matimba, na nilikuwa nimehudhuria mazishi ya wengine waliokosa. Mkuu aliona njia ya kutoka. Vilima vifungwe kabisa, na miti ya wachimbaji iletwe kwa lori kutoka kwenye doa jeupe kabla ya mvua. Amri ikatoka. Vilima vikafungwa siku ileile. Lori lingefuata.

Mtoto wa dada yangu, Mabula, alikuwa kiongozi wa kikundi kimoja cha wachimbaji pale Segese. Shimo lao lilikuwa refu kuliko mengine, na chini yake walikuwa wamefungua njia mpya inayofuata mshipa wa dhahabu. Walikuwa wameacha kukata miti, kwa kutii amri hiyo, na walikuwa wanaendelea kuchimba, kwa kutegemea lori. Dada yangu, Mama Mabula, alinifuata Nyahanga na kunikuta nikinoa panga.

Alinisalimia, akaketi, hakuzunguka. "Kaka, hiyo miti ipo?"

Nikamwambia picha inaonyesha ipo, na kikosi kimesema kimeiona.

"Mimi sijaulizia kikosi."

Ningeweza kumtuliza, na mtu mwingine angemtuliza. Lakini mwanawe alikuwa chini ya ardhi akingoja miti ambayo mimi sikuwa nimeigusa hata mmoja. Asubuhi yake nilimwomba Bi. Felista twende. Alikubali kabla sijamaliza sentensi, nikatambua kwamba naye hakuwa na amani.

Tulipita Runzewe, tukaacha barabara, tukafika jioni kwenye kambi ya walina asali. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Bugingo, Msumbwa aliyevaa koti zito kwenye joto lile bila kutoa jasho. Palikuwa mahali pazuri. Kisima hakikauki, na kukizunguka ilisimama mininga mikubwa, mizinga imening'inia matawini. Kwenye mashina nilikuta rangi ya kikosi cha mkoa. Walikuwa wamepima vizuri. Nilirudia vipimo vyao kadhaa, sikupata tofauti. Nikamwuliza mzee ni wapi kwingine walikopima.

"Wapi tena, Bwana Miti? Walilala hapa, wakapima hapa, wakaondoka. Walisema kule ng'ambo kuna mbung'o. Nikawaambia, mbung'o hawali vyeti."

Bi. Felista alicheka. Mimi sikuweza. Walina asali hawakati mti wa kutundikia mzinga wala mti wa kivuli cha kambi. Kila kambi ya porini kwetu imezungukwa na miti mikubwa kwa sababu hiyo, na kila kikosi cha wapimaji hulala kambini kwa sababu ya kisima. Ukipima unapolala, utakuta msitu wetu wote ni mininga.

Kesho yake tulitembea kuelekea katikati ya doa. Mininga iliisha mapema. Ikafuata miti ya wastani, kisha mbuga, ile ardhi nyeusi inayopasuka kiangazi, na juu yake migunga iliyosongamana, myembamba kama mkono wangu, isiyoweza kuzuia hata dari ya banda la mbuzi. Tulitembea sana tukitumaini itabadilika. Nilipochoka kutumaini nilisimama, ndipo nikaona kwamba kila shina lilikuwa na mstari wa tope kavu kwenye kimo cha kiuno. Shina hili, lile, na yote mbele yetu, mstari ulikuwa kwenye usawa mmoja, kama umechorwa kwa kamba ya mwashi.

Nilimwuliza Bi. Felista picha ilipigwa msimu gani.

Miwani ilikuwa tayari mkononi mwake. "Wa mvua," akasema. Kisha akasema taratibu, kama anayejisomea: maji yakisimama chini ya miti huwa sakafu, na shina huwa ukuta. Wimbi likigonga sakafu hurukia ukutani, kisha hurudi lilikotoka karibu lote. Hata shina jembamba hung'aa. "Mzee, hatukupima mbao. Tulipima mafuriko."

Hakutafuta mtu wa kumlaumu. Aliniomba utepe, akaanza kupima migunga, kwa kuwa alitaka kurudi na vipimo si masimulizi. Tulipima mpaka mbung'o walipotushinda. Magharibi, mbali sana, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Tulikwenda moja kwa moja mkoani. Mkuu alitusikiliza akiwa amesimama. Alimwuliza Bi. Felista maswali mazuri, akajibiwa vizuri, akakaa. Akaniambia hawezi kuvifungua vilima kwa neno lake peke yake. Amri imepita kwenye kamati, na kamati itakaa mvua zikishaanza.

"Wachimbaji hawatangoja kamati," nikasema. "Wako shimoni sasa hivi."

"Waambie watoke."

"Nitawaambia."

Alijua ninachokijua: kwamba maneno ya Bwana Miti hayana bei kwa wachimbaji. Hatimaye akanikumbusha kifungu cha amri ambacho mimi mwenyewe nilikiandika: katika msitu uliofungwa, ofisa wa misitu wa wilaya, yaani mimi, anaweza kuruhusu kuondolewa kwa mti uliokufa, baada ya kuupiga muhuri kwa nyundo yake. "Lakini hutapata ya kutosha," akasema. "Nani aliwahi kuona miti iliyokufa imesimama kwenye vilima vile? Ingeshachukuliwa kuni."

Nilipofika Segese niliwaita wachimbaji, nikawaeleza nilichokiona magharibi ya Runzewe. Nilitegemea hasira. Nilipata kicheko, na kicheko kilikuwa kibaya zaidi. Mmoja wao, mwenye kofia ya sufu, akasema kwa heshima zote: "Bwana Miti, samahani. Miti yako tukiitaka huwa haipo. Tukiikata huwa ipo. Serikali imeiona kutoka mbinguni, wewe peke yako ndiye hukuiona?" Wakakubaliana kwamba nimeificha. Mabula alisimama pembeni, hakucheka, wala hakunitetea. Nikawaamuru watoke mashimoni. Wakaitika vizuri, wakarudi kazini nilipopanda gari.

Kwa hiyo nikapanda vilimani na nyundo. Ni nyundo nzito yenye herufi kichwani. Ukiigonga kwenye shina lililochongwa, alama inabaki kwenye mti, nao unaruhusiwa kupita kizuizini. Bi. Felista alikuja na picha yake. Nilimwambia sitaki tena kuiona, akasema hakuileta kwa ajili ya kutazama weupe. Kwenye mabega ya juu ya vilima, nyuma ya majabali, alikuwa ameona sehemu hafifu, karibu nyeusi, ambazo kwenye picha za ndege za zamani zilikuwa na miti. Kikosi cha mkoa kilikuwa kimehukumu kwamba zimekatwa. Yeye alikuwa akijiuliza jambo lingine: mawimbi yale hurudishwa zaidi na maji yaliyomo ndani ya mti. Mti mkavu hausemi sana.

Tulipanda tukishikilia mawe. Nyuma ya majabali tuliikuta mitundu imesimama kwa makundi, mirefu, imenyooka, bila jani. Kila mmoja ulikuwa umevuliwa gome kuanzia kiunoni hadi juu ya kimo cha mtu. Hii ilikuwa kazi ya walina asali tena. Wengi wao hawachongi mzinga wa gogo. Huvua gome zima la mtundu kama mtu anavyovua shati, hulishona kwa vijiti, likawa mzinga. Mti hufa ukiwa wima. Nimewakemea kwa jambo hilo miaka yote ya kazi yangu, na nitawakemea nikikutana nao kesho. Lakini siku ile nilikuwa natembea kutoka shina hadi shina nikigonga kwa nyuma ya nyundo. Mti wenye mchwa ndani hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Mti mzima hulia. Mingi ililia.

Niliigonga muhuri mwenyewe, mmojammoja, wala sikumpa mtu nyundo. Sikupiga hata mbichi mmoja, ingawa ilikuwepo mizuri na hakuna ambaye angejua. Mawingu yalikuwa juu yetu sasa. Wachimbaji walikuja na mashoka, wakakata na kubeba kimya, na yule wa kofia ya sufu alinipa shikamoo ambayo siku nyingine angeisahau. Miti ilitosha kwa sehemu kubwa ya mashimo, si yote. Nikaelekeza kila kikundi kiweke matimba yake kwa nafasi gani, nikaagiza mashimo yaliyokosa yafunikwe.

Mabula aliniambia shimo lao limekamilika. Nilimwomba anishushe.

Alikataa kwanza. Alisema umri wangu hauruhusu, kamba ni mbovu, mama yake atamuua. Nikazidi kuogopa, kwa kuwa mtu ambaye kazi yake ni nzuri hutaka ionekane. Nikajifunga kamba kiunoni. Vijana wawili walishika kigogo cha kuzungushia kamba, wakanishusha taratibu, na Mabula akatangulia na taa ya karabai.

Sehemu ya juu ilikuwa imefanywa kwa uangalifu. Gogo, nafasi, gogo. Nikiinua mkono niligusa vichwa vyake na kukuta muhuri wangu. Tulipofika chini tukainama kuingia kwenye njia mpya, ile inayofuata mshipa. Magogo matatu, na baada ya hayo dari tupu. Nilisimamisha taa. Dari ilikuwa inatoka jasho.

"Mengine yako wapi?"

"Kwa jirani, mjomba. Walikosa kabisa. Nao wana watoto."

Sikuwa na la kumlaumu, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa amegawa vizuri kama mtu anavyogawa chakula, na udongo haujui habari ya kugawana. Nikamwuliza walipanga kufanya kazi huko mbele lini. Akasema leo, mshipa unanenepa, wangechukua kidogo tu kabla mvua hazijashika.

"Mabula, nimepima miti tangu hujazaliwa. Sijui dhahabu. Lakini magogo matatu hayabebi hapa."

"Kidogo tu, mjomba."

"Funga."

Alipeleka taa mbele, akautazama mwamba uliokuwa ukimetameta mle ndani. Sina hakika aliona nini. Kisha akaita juu tushushiwe vipande vilivyobaki vya mitundu, misumari na nyundo. Alipigilia vipande kwa kukingama kwenye mdomo wa njia ile, kimoja juu ya kingine, hadi pakabaki ufa, kisha ufa ukaisha. Sikuondoka mpaka msumari wa mwisho. Wakati vijana wananivuta juu, tone la kwanza liliniangukia usoni, na nilipofika mdomoni mwa shimo mvua ilikuwa inashuka kama iliyomwagwa. Mabula alibaki chini kukusanya zana.

Nilikwenda nyumbani kwa dada yangu nikiwa tope tupu. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Shimo lake?"

"Juu pamekazwa vizuri, nimepagusa. Chini pamefungwa. Zaidi ya hapo sijui."

"Ungeweza kuniambia tu kwamba atatoka."

"Siwezi."

"Najua," akasema. Akanipa kigoda na taulo, akaketi nami mlangoni. Tulisikiliza mvua inavyoingia ardhini. Aliacha chungu kikaungua, wala hakuna aliyekiinukia. Tulikaa hivyo hadi Mabula alipotokea uani, amelowa chapachapa, magunia ya zana begani, akauliza kinachonuka vile ni nini, na kama kuna chochote kilichobaki cha kula.